Kizimba cha Tarantula Hakisafishwi Kama Banda la Kuku: Dhana Potofu na Ukweli

Tarantula, yaani wale buibui wakubwa wenye manyoya wa familia ya Theraphosidae, wamefugwa ndani ya nyumba huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwa miongo mingi, na mmoja wa wanaojulikana sana na wafugaji hao anatoka kwetu: Pterinochilus murinus wa rangi ya chungwa, ambaye ng'ambo amepewa jina la Usambara. Wengi wanaoanza kumfuga buibui wa aina hii huwa wamekwisha kufuga mbwa, kuku au samaki, nao humhamishia mazoea yaleyale ya usafi. Hapo ndipo shida inapoanzia. Ninaamini kwamba tarantula wanaodhurika kwa usafi uliopitiliza, unaofanywa kwa nia njema kabisa, ni wengi kuliko wanaodhurika kwa uchafu, na dhana zinazoleta madhara hayo zinastahili kupingwa moja baada ya nyingine.

Dhana: kizimba kifumuliwe chote na kuoshwa kila wiki au kila mwezi

Banda la kuku lisiposafishwa hutoa harufu kali ya amonia, kwa sababu kinyesi cha kuku ni kingi na kina unyevu. Taka za tarantula ni za namna nyingine. Buibui huzitoa taka za mwili wake hasa katika umbo la guanini, kitu kisichoyeyuka majini kwa urahisi, hivyo kinachoonekana ni madoa machache meupe yanayokauka upesi kwenye kioo au juu ya udongo. Aliyekomaa, kwa spishi nyingi, hushiba kwa nyenje au mende mmoja au wawili kwa wiki, na pengine hukaa miezi kadhaa bila kula chochote na asidhoofike.

Kinachooza ni mabaki ya chakula. Tarantula humponda mdudu kwa chonge zake huku akimmiminia vimeng'enya, yaani majimaji yanayoyeyusha chakula, kisha hufyonza majimaji na kuacha kidonge cha maganda yasiyolika. Kidonge hicho kiondolewe kwa kibano kirefu siku inayofuata, pamoja na mdudu yeyote aliyekufa bila kuliwa. Chombo cha maji kisuguliwe na kujazwa upya kila baada ya siku chache, na madoa ya kioo yafutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto bila sabuni. Kwa kizimba chenye hewa ya kutosha, kazi hizo ndogo hutosha kwa mwaka mzima na zaidi. Udongo wote hubadilishwa pale tu ukungu unapoenea, utitiri unapojaa, au udongo unapoanza kunuka au kugeuka tope.

Kuna hasara nyingine ambayo mfugaji mpya haioni. Utando anaoufagia kwa sababu unaonekana kama vumbi la pembeni mwa dari ndiyo nyumba ya buibui, na zaidi ya hapo ndiyo masikio yake, kwa kuwa tarantula haoni vizuri na hutambua mawindo na hatari kwa mitikisiko inayopita kwenye nyuzi na kwenye udongo. Nyuzi hizo ni protini, na kuzifuma upya kunamgharimu. Buibui aliyebomolewa makao yake mara kwa mara hukataa chakula, huzunguka ukutani usiku kucha, au hujikunyata pembeni kwa majuma. Pterinochilus murinus, ambaye hufuma mapango na mapito mpaka kizimba chote kikawa cheupe, ndiye anayeumizwa zaidi na mkono wa mtu anayependa kila kitu kionekane nadhifu.

Dhana: tarantula hutoka nchi za joto, kwa hiyo anyunyiziwe maji kila siku

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine nyingi, kwa sababu ukungu na utitiri ambao mfugaji hupambana nao baadaye huwa ameuleta mwenyewe kwa chupa ya kunyunyizia. Nchi za joto si zote mvua. Grammostola rosea hutoka sehemu kavu za Chile. Jina la Usambara humfanya mfugaji wa Ulaya awaze misitu ya milimani yenye umande, ilhali Pterinochilus murinus ameenea katika savana na nyika za Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini, na hukaa vizuri kwenye udongo mkavu mradi ana maji ya kunywa. Kwa upande mwingine, Theraphosa blondi wa misitu ya mvua ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini hahimili ukavu, na udongo wake haupaswi kukauka.

Hata kwa huyo anayehitaji unyevu, kunyunyiza si njia nzuri. Matone hulowesha kioo na uso wa udongo tu, hukauka baada ya saa chache, na yakirudiwa kila siku huacha hewa nzito inayopendwa na kuvu. Ni afadhali kumimina maji kidogo kwenye kona moja ili yazame chini, tabaka la chini lishike unyevu na la juu libaki kavu, kisha buibui achague mwenyewe pa kukaa. Matundu ya hewa yawe pande mbili zinazoelekeana ili hewa ipite. Tarantula wa mitini wa jenasi Avicularia hufa kwa urahisi katika vizimba vilivyofunikwa na kuloweshwa kwa lengo la kufikia namba fulani kwenye kipima unyevu, na mimi ningemshauri mfugaji mpya asikinunue kabisa kifaa hicho, bali ajifunze kuugusa udongo kwa kidole. Wachanga pekee wahurumiwe zaidi, kwa sababu ngozi yao hupoteza maji haraka. Upande mmoja wa kikopo chao uwe na unyevu daima.

Wapo pia wanaoweka sponji ndani ya chombo cha maji wakiogopa kwamba buibui atazama. Sponji hukusanya uchafu na bakteria kuliko kitu kingine chochote kizimbani. Tarantula hunywa kwa kushusha mdomo hadi majini, nayo mapafu yake manne, yenye mikunjo kama kurasa za kitabu, yako chini ya tumbo, mbali na mdomo. Chombo kipana kisicho na kina chamtosha.

Dhana: ukungu na utitiri huondolewa kwa dawa

Ukungu mdogo kwenye kipande cha gome haumuui tarantula. Unamwambia mfugaji kwamba unyevu umezidi, hewa haipiti au kuna mabaki yaliyosahauliwa. Atoe kipande chenye ukungu, aongeze matundu, aache udongo ukauke. Utitiri mwingi unaoonekana vizimbani hula mabaki na uozo, wala haunyonyi damu ya buibui, nao hupungua wenyewe chakula na unyevu vinapoisha; ukiwa umejaa hadi kumpanda buibui mdomoni na kwenye mapafu, hapo ahamishiwe kwenye chombo kikavu chenye maji ya kunywa, na udongo wa zamani utupwe. Katika vizimba vya unyevunyevu wafugaji wengi huwaweka kolembola, wadudu wadogo mno wanaokula kuvu na taka, nao hufanya kazi hiyo bila kumsumbua mwenyeji. Hali moja tu haingoji: ute mweupe mzito mdomoni mwa buibui aliyeacha kula, wenye harufu mbaya, huashiria minyoo ya nematodi. Buibui huyo atengwe mara moja, na vifaa vyake visitumiwe kwa mwingine.

Dawa ya wadudu ndiyo hatari kubwa. Msomaji wa Kenya au Tanzania anaijua pareto, ua jeupe linalolimwa nyanda za juu, na huenda akafikiri kwamba dawa itokanayo na ua haina ubaya. Sumu ya pareto hushambulia mishipa ya fahamu ya wadudu, na buibui hana kinga dhidi yake. Dawa za viwandani zilizoigwa kutoka kwake, zinazopatikana katika udi wa mbu, makopo ya kupuliza na matone ya viroboto ya mbwa, hudumu hata zaidi. Aliyempaka mbwa wake dawa ya viroboto asiingize mkono kizimbani siku hiyo, na chumba cha tarantula kisipuliziwe dawa ya mbu kamwe, hata kizimba kikiwa kimefunikwa. Kwa kuosha kizimba kitupu, maji ya moto na siki hutosha. Klorini itumike tu baada ya ugonjwa, na kizimba kisuuzwe na kuanikwa mpaka kisibakize harufu yoyote.

Dhana: akilala chali amekufa

Tarantula anayejivua gamba hulala chali kwa saa kadhaa. Wapo waliomwagia maji buibui wa namna hiyo, waliomgeuza kwa kijiti, na hata waliomtupa. Aliyekufa kwa kawaida huonekana amekunja miguu chini ya mwili wake huku akiwa wima. Usafi wote usimame anapojivua: kizimba kisisogezwe, na nyenje aliye hai atolewe mapema, kwa kuwa anaweza kumtafuna buibui ambaye mwili wake bado ni laini. Gamba liondolewe siku chache baadaye, na chakula kingoje mpaka chonge zirudie weusi, ambako huchukua takriban wiki moja kwa wadogo na mbili au zaidi kwa wakubwa.

Dhana: tarantula mpole hana madhara kwa anayesafisha

Mwaka 2009 mwanamume mmoja alifika hospitalini mjini Leeds, Uingereza, jicho likiwa jekundu, linatoa machozi na halistahimili mwanga kwa majuma matatu. Kwa vifaa vya kukuza, madaktari waliona nywele nyembamba zimejichoma kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Ndipo akakumbuka kwamba majuma matatu nyuma alikuwa akisugua doa sugu kwenye kioo cha kizimba cha tarantula wake wa Chile, akahisi kitu kikitembea, na alipogeuza kichwa nywele zikamrukia usoni kama wingu jepesi. Nywele zilikuwa ndogo mno kung'olewa, akatibiwa kwa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Spishi nyingi za Amerika hubeba nywele hizo tumboni na huzipangusa kwa miguu ya nyuma zikihisi tishio. Aliyewahi kuguswa na upupu anajua mwasho wake, na jicho huumia zaidi ya ngozi. Nywele hubaki pia kwenye gamba, kwenye udongo wa zamani na kwenye utando, kwa hiyo miwani ya kukinga macho na glavu zivaliwe hata buibui akiwa hayumo. Tarantula wa Afrika na Asia hawana nywele hizo, ila wana mbio za kushangaza na huuma kwa urahisi zaidi, tena kwa maumivu makali. Kwa wote njia ni moja: kikombe angavu humfunika, kadi ngumu hupitishwa chini yake, na kazi hufanywa mlango ukiwa umefungwa. Mkono mtupu hauna nafasi hapa.

Dhana: udongo wowote unafaa

Maranda ya msonobari na mwerezi yana utomvu unaomdhuru buibui. Kokoto humnyima mahali pa kuchimba. Kinachotumiwa zaidi ni unga wa makumbi ya nazi, ambao watu wa Pwani wanaujua vizuri. Lakini makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusokota kamba yamenyonya chumvi, na hayana budi kulowekwa na kusuuzwa mara nyingi kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kabla ya kuingizwa kizimbani.

Udongo mpya ushindiliwe, na kwa anayeishi ardhini urudishwe juu kiasi kwamba kutoka usoni pake hadi kwenye kifuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui na miguu yake, kwa sababu tumbo lake hupasuka akianguka kutoka juu. Wafugaji wengi hupunguza udongo wanapobadilisha, na kuanguka hutokea wiki hiyohiyo, wakati buibui anapozungukia kuta za mahali asipopatambua. Konzi moja ya udongo wa zamani usio na ukungu, pamoja na kipande cha utando wake, vikirudishwa karibu na maficho, kwa kawaida humtuliza mapema, na nyenje wa kwanza asitiwe mpaka ameshuka ukutani na kuanza kuchimba.