Nembo ya Kilimo Hai Haipimi Kilichomo Koponi

Kwa mara nyingine nimeambiwa, safari hii na mtu mwenye elimu ya kutosha, kwamba unga wake wa protini hauwezi kumdhuru kwa kuwa una cheti cha kilimo hai, na kwamba vidonge vyake vya vitamini ni salama kwa kiwango chochote kwa kuwa vimetokana na chakula kamili. Mimi ni mtaalamu wa lishe na sina ugomvi na makopo. Wapo wagonjwa wanaoshindwa kutafuna na wazee waliopoteza hamu ya kula ambao mimi mwenyewe huwaandikia unga wa protini. Ugomvi wangu ni na imani kwamba nembo ya kijani imejibu maswali ambayo haikuwahi kuulizwa.

Cheti cha kilimo hai huhusu namna zao lilivyolimwa na kusindikwa: mbolea za viwandani zimekatazwa, viuatilifu vingi vya kutengenezwa vimekatazwa, mbegu zilizobadilishwa vinasaba vilevile, na kumbukumbu za shamba hukaguliwa. Hayo ni mambo ya maana. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake linalosema kuna gramu ngapi za protini inayofaa katika kijiko chako, au kuna metali zenye sumu kama risasi, kadimiamu na aseniki kiasi gani. Metali hizo mmea huzitoa udongoni na majini. Mpunga ndio mfano ulio wazi zaidi: shamba linapojaa maji, oksijeni hupungua udongoni, aseniki iliyokuwa imeshikamana na madini ya chuma huachiliwa, na mizizi huifyonza kupitia njia ileile inayotumia kufyonza silika. Kutumia samadi hakuzuii kemia hiyo. Ladha ya chokoleti nayo huja na kadimiamu yake, kwa sababu mkakao huikusanya katika mbegu.

Mwaka 2018 shirika la Clean Label Project la Marekani lilipima unga wa protini wa aina 134 na kutangaza kwamba ule wa kilimo hai ulikuwa, kwa wastani, na metali nzito mara mbili ya ule wa kawaida. Tangu siku hiyo nina makundi mawili ya watu wa kunichosha: wanaoamini nembo ni kinga, na wanaoamini nembo ni sumu. Hawa wa pili nao wamekosea. Karibu unga wote wenye cheti hicho hutokana na mimea, hasa njegere na mchele, ilhali sehemu kubwa ya unga wa kawaida hutokana na maziwa, na ng'ombe hapitishi kwenye maziwa yake sehemu kubwa ya metali anazokula. Kwa hiyo ulinganisho ule, kwa kiasi kikubwa, ulikuwa kati ya mmea na maziwa. Ukitaka kuhukumu kilimo hai kwa haki, linganisha njegere na njegere.

Kuhusu ni kiasi gani cha risasi kinachopaswa kukutia hofu, vitabu vyetu huandika kana kwamba jambo limekwisha, na halijaisha. Sheria ya jimbo la California hudai onyo bidhaa inapompa mtu zaidi ya mikrogramu 0.5 za risasi kwa siku; mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyohiyo, FDA, kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa hutumia kipimo cha mikrogramu 8.8 kwa siku kutoka katika vyakula vyote. Kijiko kimoja kinaweza kuwa cha hatari mbele ya meza moja na cha kawaida mbele ya nyingine. Mimi huegemea upande wa tahadhari kwa wajawazito na watoto, lakini nakiri kwamba hapo natumia busara kuliko ushahidi.

Sasa gramu. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja. Kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl mwaka 1883, hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Chochote chenye nitrojeni kinaweza kujivika joho la protini, na ndivyo ilivyotokea China mwaka 2008, melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, ilipochanganywa katika maziwa ya watoto wachanga. Udanganyifu wa siku hizi ni mpole zaidi: huongezwa glisini au taurini, asidi amino za bei nafuu zenye nitrojeni, na namba kwenye lebo hupanda. Hata pasipo udanganyifu, protini ya mchele ina upungufu wa laisini na ya njegere ina upungufu wa methionini, asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ndiyo maana huchanganywa. Katika lebo za Marekani, usiishie kwenye gramu. Tazama asilimia ya mahitaji ya siku iliyo kandoni mwake, maana bidhaa inayojisifu kwa protini hulazimika kuionyesha ikiwa imerekebishwa kulingana na ubora. Mahitaji yanayotumika hapo ni gramu 50. Gramu 20 zenye asilimia 40 ni protini kamili. Gramu 20 zenye asilimia 24 zina thamani ya gramu 12, na wewe umelipia 20.

Huulizwa pia kama protini nyingi huumiza figo: mwenye figo nzima asihangaike, mwenye ugonjwa wa figo asiguse kopo kabla ya kumwona daktari wake. Kiasi: mtu mzima wa kilo 60 hutoshelezwa na takriban gramu 50 kwa siku, na wengi huzipata kwenye sahani bila kujua. Tuendelee.

Vidonge vya chakula kamili ndivyo vinavyonikera zaidi. Vingi hutengenezwa kwa kuilisha hamira vitamini za kiwandani, kisha hamira hiyo hukaushwa na kuuzwa kama chakula. Vitamini C ni molekuli ileile itokako tunda au kiwandani. Vitamini E kweli ni tofauti: ya asili ina nguvu zaidi, gramu kwa gramu. Unga wa spirulina, kiumbe kidogo cha majini kama mwani, husifiwa kwa vitamini B12, ilhali sehemu kubwa ya kilichomo ni kifananacho nayo kisichofanya kazi katika mwili wa binadamu. Na mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akianza ghafla kunywa unga wa mboga za majani wenye vitamini K nyingi, anaivuruga dawa yake, hata kama mboga hizo zimelimwa kwa usafi wa kupigiwa mfano.

Ila kwa folati, yaani vitamini B9, kiwanda ndicho kinachoshinda. Asidi ya foliki ya kutengenezwa hufyonzwa vizuri kuliko folati ya chakula, na jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 1991, lililoonyesha kwamba kwa mama aliyewahi kupata mimba ya mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro za jamii hiyo inapunguza kwa asilimia 72 hatari ya kasoro hizo kujirudia, lilitumia hiyo ya kutengenezwa. Mfereji wa neva wa mtoto, ambao ndio huja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba akiniambia ameacha mikrogramu zake 400 za asidi ya foliki kwa siku ili atumie kitu cha asili zaidi, humwambia azirudie leo hii, na unga wake wa kijani tutaujadili baadaye.