Je, wajua? Huduma nayo huchorwa ramani kabla haijatolewa

Ukimpa mpiga kiwi viatu vyako katikati ya jiji la Mwanza, kitu cha kwanza anachofanya ni kukusogezea ndala. Brashi hajaigusa bado. Anajua kwamba mtu aliyesimama pekupeku kwenye lami ya saa saba mchana hana subira, na atalipa huku amenuna. Ndala hazing'arishi kiatu, lakini bila hizo kazi haiendi.

Siku hizi kuna watu wanaosomea mambo kama hayo chuo kikuu. Fani yao ni usanifu wa huduma: kupanga jinsi mtu anavyohudumiwa kuanzia anapopata shida hadi anapoondoka, kwa umakini uleule ambao fundi hupanga vyumba, milango na mabomba kabla ya kuchimba msingi.

Cha kufurahisha ni kwamba mmoja wa michoro ya mwanzo kabisa ya fani hii ulikuwa wa mpiga kiwi. Mwaka 1984, Lynn Shostack, Mmarekani aliyefanya kazi benki, alichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review akieleza kwamba huduma nyingi huvurugika kwa sababu hakuna aliyekaa akazichora. Akachukua kazi ya kung'arisha viatu barabarani, akaipanga hatua kwa hatua na muda wake: kupiga brashi, kupaka rangi, kusugua, kupokea hela. Dakika 2 zinatosha. Akaonyesha na mahali pa kuharibikia, yaani kiatu kupakwa rangi isiyo yake, na namna ya kurekebisha. Kisha akapiga mstari. Juu yake ni yale mteja anayoyaona, chini yake ni yasiyoonekana, kama kwenda kununua kopo la rangi. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1990, Michael Erlhoff na Birgit Mager wakaanza kuifundisha fani hii huko Köln, Ujerumani, kama tawi la usanifu.

Mstari ule ndio moyo wa fani yote. Umekwenda kwa wakala kuweka hela kwenye simu, naye anakujibu, "Kaka, floti imeisha," yaani hana salio la kukuwekea. Unamkasirikia yeye kwa sababu ndiye unayemwona. Tatizo liko chini ya mstari: mtaji wake ni mdogo, benki iko mbali, na hawezi kufunga kibanda mwisho wa mwezi akafuate floti wakati wateja wamejaa. Mimi huwa nashangaa tukipeleka wafanyakazi semina ya kumtabasamia mteja kabla ya kuangalia huko chini. Tabasamu halileti floti.

Pesa za simu zenyewe zina kisa chake. Majaribio ya M-Pesa yalipofanyika Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwarahisishia watu marejesho ya mikopo midogo. Waliopewa simu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Waliosimamia majaribio waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Sasa chukua mama anayetoka Nansio, Ukerewe, kuja kutibiwa Mwanza. Kwa hospitali, huduma inaanza anapofika dirishani kuandikishwa. Kwake yeye imeanza gatini Nansio, alipokata tiketi ya meli. Tuseme anafika mjini karibu na saa sita. Anaonana na daktari, anatumwa maabara, anarudi kulipia, anaambiwa majibu ni saa kumi. Meli ya kurudi imeshaondoka. Hapo pana gharama ya gesti na chakula cha usiku, ambayo haimo kwenye stakabadhi yoyote ya hospitali. Dawa inaweza kuwa nzuri na nesi mpole, bado huduma ikawa imemshinda. Msanifu wa huduma angepanda meli na huyo mama, akachora siku yake yote, halafu akauliza swali dogo tu: wanaotoka visiwani hawawezi kupimwa kwanza?

Ndiyo maana fani hii haiishii kwenye mabenki na hoteli, ingawa huko ndiko kwenye fedha. Uzito wake unaonekana zaidi pale mtu asipokuwa na duka la pili la kukimbilia: hospitali, maji, vitambulisho, vivuko.

Tukiwa kwenye vivuko, Daraja la JP Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, na safari ya kivuko iliyokula saa nzima au zaidi pamoja na foleni sasa ni ya dakika chache. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hakuna mjadala. Ila foleni ile ilikuwa soko. Waliouza mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, maji na samaki wa kukaanga walikuwa sehemu ya huduma ya kivuko, japo hawakuajiriwa na yeyote. Mhandisi anayepiga hesabu ya nguzo hana pa kuwaweka. Msanifu wa huduma anatakiwa kuwachora mapema, pamoja na dereva wa basi la Bukoba, na kutafuta kitakachomfanya dereva huyo akanyage breki kwa hiari yake ili wauzaji wapate wateja: choo safi, kivuli, na nafasi ya kuegesha bila kugombana na trafiki.