Kodi Imegandishwa, Mbona Bili Imepanda?

Kila mwaka bili za kodi ya umiliki wa nyumba zinapoanza kuingia masandukuni hapa Texas, simu najua itasema nini. "Mwanangu, si mlisema nikifika miaka 65 kodi inagandishwa? Mbona wameniongezea?" Mwaka huu mzee mmoja alinipigia akiwa ameshagombana na karani wa kaunti, na karani hakuwa na kosa.

Bili haijagandishwa, mzee wangu. Uliogandishwa ni mstari mmoja ndani yake.

Itandaze mezani. Utaona mstari wa shule, wa kaunti, wa jiji, wa hospitali ya umma, pengine na wa chuo. Sheria ya jimbo inauwekea ukomo mstari wa shule, kwa mwenye miaka 65 na kwa mwenye ulemavu: kiasi cha mwaka ulipostahili ndicho kikomo, hata thamani ya mtaa ipae vipi. Kaunti, jiji na chuo vimeachiwa viamue vyenyewe. Vingine vimeweka ukomo, vingine havijaweka. Ndiyo maana rafiki yako wa jiji la jirani anaapa yake haijasogea, na anasema kweli.

Tangu 2025 mkanganyiko umezidi, na umeletwa na habari njema. Novemba ile wapiga kura walipandisha msamaha wa kodi ya shule, yaani sehemu ya thamani isiyotozwa, kwa nyumba ya kuishi kutoka dola 100,000 hadi 140,000, na nyongeza ya wazee na wenye ulemavu ikatoka 10,000 hadi 60,000. Jumla 200,000. Nyumba ya thamani ya 320,000 inatozwa kodi ya shule kwa 120,000 tu. Ya 190,000 haitozwi hata senti. Basi mama mmoja akaona 0.00 kwenye mstari wa shule, akamshukuru Mungu, akaisukumia bahasha kwenye kabati la vyombo. Alikuja kwangu Machi. Kaunti na jiji walikuwa bado wanamdai, na deni likiingia Februari huongezwa asilimia 7 papo hapo. Kinachoniuma ni kwamba kwa umri wake angeweza kulipa kwa awamu nne hadi mwisho wa Julai bila faini, mradi awamu ya kwanza ilipwe Januari haijaisha.

Ukomo wenyewe nao una tabia zake. Ukiongeza chumba, unapanda; ukibadilisha paa lililovuja, haupandi. Ukihamia nyumba nyingine humu humu Texas, unahama nawe kwa asilimia: kama ulikuwa unalipa asilimia 40 ya kodi ya shule ambayo ungelipa bila ukomo, nyumba mpya utalipa asilimia 40 vilevile. Chukua cheti cha ukomo huo kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti unayotoka. Nawajua wazee waliobaki peke yao na vyumba vitano vya kufagia, wakiogopa kupoteza kitu kisichopotea.

Mengine nayapitia haraka.

"Nilikuwa jeshini, silipi." Kutumikia peke yake hakutoshi. Kinachotazamwa ni kiwango cha ulemavu ulichopewa na Idara ya Maveterani. Ukiwa chini ya miaka 65, asilimia 10 hadi 29 inakupunguzia dola 5,000 za thamani, na ngazi ya 70 kwenda juu inakupa 12,000. Wa asilimia 100, au aliyetambuliwa kuwa hawezi tena kuajiriwa na analipwa kwa kiwango hicho, ndiye anayesamehewa nyumba yake nzima, mistari yote.

"Nina kadi ya maegesho ya walemavu." Hiyo ni ya kuegeshea gari. Kwa kodi, kipimo ni ulemavu kama unavyotafsiriwa na Hifadhi ya Jamii (Social Security). Na ukifika 65 huwezi kudai msamaha wa uzee na wa ulemavu kwa mtozaji mmoja, unachagua.

"Msamaha utakuja wenyewe." Mimi nasema usingoje. Jaza fomu 50-114, ambatanisha leseni ya udereva ya Texas yenye anwani ya nyumba hiyohiyo, peleka ofisi ya uthamini. Ni bure. Barua inayotaka malipo ili "wakusaidie kuomba" itupe. Kama ulichelewa, bado unaweza kurudi nyuma hadi miaka miwili tangu kodi ilipogeuka deni.

"Nimeahirisha kodi, kwa hiyo imefutwa." Haijafutwa. Deni linakua kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka na linaishikilia nyumba; mwenyewe akifariki au akihama, zikipita siku 180 linadaiwa lote. Sijazi fomu ya kuahirisha kabla watoto hawajakaa nami mezani, na kama nyumba ina mkopo, kabla benki haijaulizwa.

La mwisho ni la kwetu sisi hasa. Kijana kanunua nyumba kwa jina lake, mama yake wa miaka 71 ndiye anayeishi humo, halafu wananiuliza msamaha wa mama uko wapi. Haupo. Anayeomba lazima awe mwenye nyumba na awe anaishi ndani yake. Mama anaweza kuingizwa kwenye hati, ila nendeni kwa mwanasheria kwanza, na muwaite ndugu wote, hata yule wa Nairobi anayepiga simu usiku wa manane.