Je, wajua kwa nini garimoshi la mvuke lilikuwa na kiu isiyokwisha?

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na enzi hizo vichwa vya treni viliendeshwa kwa mvuke. Ndiyo maana stesheni za njiani zilikuwa na matangi ya maji juu ya nguzo: garimoshi lilikunywa, likaenda, likanywa tena. Maji hayo yalikwenda wapi?

Yaliishia hewani. Lita 1 ya maji ikichemka huwa mvuke wa lita 1,600 hivi. Mvuke huo ukifungiwa ndani ya boila hubanana, na ukiachiwa kwenye silinda huisukuma pistoni, nayo huzungusha magurudumu kwa fimbo za chuma. Pistoni husukumwa upande huu, kisha ule. Silinda zikiwa mbili, kila mzunguko wa gurudumu una mipumuo minne. Hiyo ndiyo chuku-chuku tunayoigiza.

Kila mpumuo ni mvuke uliokwisha kazi ukitoka kwa nguvu kwenye dohani. Ukitoka, hukokota moshi, na moto huvuta hewa mpya. Ni kama kupepea sigiri, ila hapa mzigo ukizidi, upepeaji nao unazidi wenyewe. Ufundi mzuri sana, lakini gharama yake ni maji. Meli za mvuke za Ziwa Albert hazikuwa na shida hiyo, kwa kuwa zilipoza mvuke kwa maji ya ziwa na kuurudisha kwenye boila.

Maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya boila, kama ule wa birika. Ukoko huzuia joto kupita, chuma kikaungua. Maji yakipungua hadi paa la tanuri, yaani chumba cha moto kilichozungukwa na maji ya boila, likabaki wazi ni hatari zaidi: bati hulainika na boila hulipuka. Kwa hiyo paa hilo huwekwa kizibo chenye madini ya risasi, yanayoyeyuka kwa nyuzijoto 327, ili mvuke umwagike motoni na kumshtua dereva mapema.

Kichwa cha treni cha dizeli huchoma mafuta ndani ya silinda yenyewe: hewa hubanwa mara 16 hivi hadi iwe moto wa kuwasha mafuta bila cheche. Maji yake huzunguka tu kwenye rejeta. Tena hugeuza theluthi ya joto la mafuta au zaidi kuwa kazi, wakati garimoshi la mvuke ni nadra lipite sehemu moja kwa kumi. Na asubuhi dizeli huwaka kwa dakika chache, ilhali boila iliyopoa huwashwa polepole kwa saa kadhaa, maana ukiiharakisha, chuma hutanuka bila kulingana na viungo huanza kuvuja.