Nyufa, Unyevu na Rangi Mpya: Ninavyoikagua Nyumba Inayouzwa

Kazi yangu ni kukagua majengo kwa niaba ya wanunuzi, na ninapofika kwenye nyumba inayouzwa siingii ndani mara moja. Huizunguka kwanza kwa nje nikitazama ardhi inainamia upande gani, kwa sababu maji ya mvua yanayoelekea kwenye kuta huanza kuudhuru msingi muda mrefu kabla dalili yoyote haijaonekana sebuleni.

Nyufa huwatisha wanunuzi kuliko kitu kingine chochote, ingawa nyingi hazistahili hofu hiyo. Ufa mwembamba kama unywele, usiofika milimita 1, kwa kawaida ni lipu iliyosinyaa ilipokuwa ikikauka. Unaonitia wasiwasi ni ule unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha au mlango, au unaoshuka kwa vidato ukifuata maungio ya matofali, hasa ukizidi milimita 5 na upana wake usipolingana juu na chini, maana hapo yaelekea sehemu moja ya msingi imetitia kuliko nyingine. Nikiuona, huenda upande wa pili wa ukuta kuangalia kama umepenya, kisha hufungua na kufunga milango iliyo karibu. Mlango unaokwaruza fremu, ufa ulio juu yake na sakafu iliyoinama vikikutana mahali pamoja, chanzo chake huwa ni kimoja. Ufa uliozibwa ukafunguka tena ni mbaya zaidi, kwani jengo bado linasogea.

Unyevu nao una mahali unapoanzia. Ule unaopanda kutoka ardhini mara nyingi hukomea kwenye kimo cha takriban mita 1 na kuacha unga mweupe wa chumvi ukutani. Ulio juu zaidi, au doa la kahawia darini, hutokana na paa au bomba. Bati lililotoboka hubadilishwa kwa siku moja, lakini kuukinga ukuta usiendelee kufyonza maji ya ardhini ni kazi ndefu na ya gharama.

Sioni ubaya wa mtu kuipaka rangi nyumba anayoiuza. Hata hivyo, ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya na nyingine zimechakaa, huugusa kwa kiganja na kuunusa kwa karibu, kwani huenda rangi hiyo imeficha unyevu.

Mengine hayachukui muda: funga bomba zote uitazame mita ya maji, ambayo ikiendelea kuzunguka basi kuna mvujo, gonga mbao kwa mpini wa bisibisi usikilize kama zimeliwa na mchwa kwa ndani, angalia soketi zenye alama za kuungua. Ikiwezekana, rudi baada ya mvua kubwa.

Wakati mmoja niliitwa baada ya mnunuzi kulipa malipo ya awali. Nyuma ya kabati kubwa la chumbani, ambalo hakuwa ameomba lisogezwe, lipu ilikuwa imelainika kiasi cha kubonyea kwa kidole. Tangu hapo huomba kila samani iliyoegemea ukuta wa nje isogezwe, na muuzaji akikataa, huandika katika ripoti kwamba sehemu hiyo haikukaguliwa na kumshauri mteja asitie saini mpaka ionekane.