Sikio la Injini Lisizibwe

Kwenye meza ya karakana yetu ya mafunzo kuna pistoni moja ambayo kila kundi jipya la wanafunzi huishika kabla ya kufungua daftari. Ukiipapasa juu, karibu na ukingo, vidole vinakutana na vijishimo vingi vidogo, kana kwamba mtu ameidonoa kwa ncha ya msumari. Chini kidogo, ukuta unaoshika ringi ya kwanza umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Gari ilikotoka pistoni hiyo halikuwa na taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Mwenye gari alilileta kwa sababu lilikuwa linatoa moshi na limekosa nguvu.

Tulipofuata waya wa sensa ya noki, kifaa kinachoisikilizia kompyuta ya injini mlio wa petroli inayojiwasha vibaya, tulikuta umekatwa. Mahali pake palikuwa na rezista, kidude chenye mistari ya rangi, kidogo kama punje ya mchele, kimeviringishiwa utepe mweusi. Kuna fundi aliyetaka taa ya injini izime, na kweli ilizima.

Mtaani tukisema injini "imenoki" mara nyingi tunamaanisha imekufa: beringi za konrodi zimeisha na chuma kinagonga chuma. Noki ninayoieleza hapa ni nyingine, nayo huanza wakati kila kipuri bado kizima.

Ndani ya silinda, petroli na hewa haviwaki vyote kwa mkupuo. Plagi hutoa cheche, moto huanzia hapo na kusambaa kuelekea kuta. Kwa kuwa moto unahitaji muda wa kukua, cheche hutolewa mapema, mara nyingi nyuzi 20 hadi 30 za mzunguko wa kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, kabla pistoni haijafika juu. Muda wenyewe ni mfupi mno: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki hugeuka nyuzi 18 katika kila elfu moja ya sekunde.

Sasa iangalie ile petroli ya pembeni ambayo moto bado haujaifikia. Pistoni inaibana kutoka chini, gesi inayotanuka inaibana kutoka katikati, na joto lake linapanda. Likizidi kiwango, petroli hiyo hujiwasha yenyewe, karibu yote kwa wakati mmoja. Wimbi la shinikizo hupiga ukuta wa silinda, likarudi, likapiga tena, na nje dereva husikia mlio mkavu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Husikika hasa mlimani, gia ikiwa kubwa na mguu ukiwa umekandamiza. Anayepanda mlima wa Kitonga na abiria watano ndani ya gari dogo pengine anaujua. Wimbi hilo pia hufagia tabaka jembamba la gesi isiyo na joto kali linaloikinga pistoni. Tabaka hilo likishaondoka, aluminiamu inakutana na moto ana kwa ana. Ile pistoni yetu ilikufa hivyo.

Zamani tiba ilikuwa mkononi mwa fundi: alilegeza distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, akaigeuza kidogo, akasikiliza. Akirudisha taiming, yaani wakati wa kutoa cheche, nyuma sana gari linakuwa zito, akiipeleka mbele sana linagonga. Kazi hiyo ilianza kupewa elektroniki mwishoni mwa miaka ya 1970. Buick waliweka mfumo wa kusikia noki kwenye injini yao ya turbo, yaani yenye feni inayosukumia hewa ndani, mwaka 1978, kisha Saab wakaja na mfumo wao, ambao ulipunguza msukumo wa turbo kila noki iliposikika.

Sensa yenyewe ni kifaa rahisi. Ndani yake kuna kipande cha kauri kinachotoa umeme kidogo kinapobanwa, na imefungwa kwa bolti kwenye bloku la injini ili mtetemo wa chuma uifikie moja kwa moja. Ugumu uko kwenye kusikiliza, maana injini imejaa kelele za valvu, cheni na nozeli. Kompyuta hutumia mbinu mbili. Kwanza, noki ina sauti yake inayotegemea upana wa silinda: silinda ya milimita 86, kama ya 3S ya Toyota, hulia karibu mara 6,700 kwa sekunde, na silinda nyembamba zaidi hulia kwa sauti ya juu zaidi. Kompyuta husikiliza sauti za eneo hilo tu, nyingine inazipuuza. Pili, inasikiliza kwa kipindi kifupi tu, pistoni inapoanza kushuka baada ya kuwaka, kwa sababu noki haitokei nje ya kipindi hicho. Kwa kuwa inajua zamu ni ya silinda ipi, inajua pia ni ipi iliyogonga.

Ikiisikia, cheche inayofuata ya silinda hiyo inacheleweshwa nyuzi kadhaa. Mlio ukikoma, kompyuta hairudi mbele kwa pupa. Huongeza kidogo, husubiri, huongeza tena, na hili huchukua sekunde nyingi au hata dakika. Noki ikirudi, inarudi nyuma mara moja. Mwendo huo wa kurudi nyuma upesi na kusogea mbele polepole ndio unaoiokoa injini, kwa kuwa noki kali haihitaji dakika nyingi kuvunja ringi.

Kisha kuna kumbukumbu, sehemu ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuelezwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kompyuta nayo ikigongewa mara kwa mara katika mzigo na mwendo fulani huandika kwamba hapo cheche ichelewe tangu mwanzo. Toyota nyingi huonyesha thamani hiyo ya kujifunza kwenye mashine ya kupimia. Subaru nyingi za turbo zina tarakimu kati ya 0 na 1: ikiwa 1, kompyuta inayaamini mafuta yaliyomo, ikishuka, imekata tamaa nayo na imeipunguzia injini nguvu kila mahali. Dereva hasikii kokoto tena. Anachoona ni gari zito, mguu unaokandamiza zaidi na petroli inayoisha mapema.

Kwa hiyo nawasihi msome kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na pale petroli iko ya aina mbili: ya kawaida, ambayo viwango vyao vinataka oktani isiyopungua 89, na ya juu, isiyopungua 96. Kibandiko cha Kijapani kinachodai ile ya juu hakisomeki kwa wengi wetu, basi mpe mtu akutafsirie. Oktani haiongezi nguvu ndani ya petroli. Inaongeza uvumilivu wake wa kubanwa bila kujiwasha. Gari lililoundwa kwa petroli ya kawaida kwa kawaida halifaidi chochote cha maana kwa ile ya bei. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa upande mwingine, inapoteza uvumilivu huo haraka sana.

Mahali nako kuna athari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hubanwa kidogo. Gari hilohilo likishuka Mombasa, hewa inakuwa nzito na ya moto, na petroli iliyovumilia juu inaweza kugonga pwani. Kompyuta iliyo nzima hujirekebisha njiani bila wewe kujua. Ndiyo sababu sishauri kuchomoa betri "ili gari lisahau". Katika magari mengi unaifutia yote iliyojifunza, nayo italazimika kugongewa upya ndipo ijue pa kurudi.

Turudi kwenye ile rezista. Waya wa sensa ukikatika, kompyuta hugundua, huwasha taa, huandika msimbo kama P0325, na huchelewesha cheche sana kwa tahadhari. Gari linakosa nguvu, lakini pistoni ziko salama. Rezista inaidanganya kwamba sensa ipo na kumetulia, kwa hiyo kompyuta inasogeza cheche mbele kwa imani. Ninaelewa kishawishi: katika baadhi ya injini sensa iko chini ya manifoldi ya hewa, yale mabomba ya kuingizia hewa, na kuifikia ni kazi ya nusu siku. Ifanyeni hiyo nusu siku. Mkifika, safisheni kutu na rangi pale inapokaa, msiweke washa (kile kisahani cha bolti), na kazeni kwa kipimo. Nyingi za bapa zenye tundu katikati hutaka takribani Nm 20. Ikilegea haisikii vizuri, na ikikazwa kupita kiasi husikia vibaya vilevile.

Mwenye lile gari aliuliza sensa mpya ingemgharimu kiasi gani siku ile ya kwanza. Tulimtajia. Alinyamaza kwa muda, akaichukua rezista akaitia mfukoni, na pistoni akatuachia sisi.