Jumba la mawe la Lamu: yasemwayo na yaliyo kweli

"Majumba haya walijenga Waarabu." Ukisimama mtaa wa Mkomani mbele ya jumba kuukuu la ukoo, hili ndilo la kwanza utakaloambiwa, na kwangu mimi ndilo linalokera kuliko yote. Jibu lake limefukuliwa ardhini. Huko Shanga, kisiwani Pate, wataalamu wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale: ya chini kabisa ilikuwa ya miti, iliyofuata juu yake ikawa ya mawe. Ufundi ulikulia papo hapo, karne nyingi kabla ya Waomani kuitawala pwani. Kule Kilwa Kisiwani, kasri la Husuni Kubwa lilijengwa karne ya 14. Wageni walikuja, wakaoa, wakaleta mitindo yao, na mafundi wakachukua walichokipenda. Lakini jumba la Lamu la karne ya 18 ni kazi ya Waswahili, kwa mahitaji ya familia ya Kiswahili.

Wengine huutazama ukuta mtupu wa nje wakasema mwenyewe hakuwa na kitu. Aliyekuwa na kitu hakukiweka barabarani. Ingia: kuna daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza mbili za mawe, mgeni asiye wa ndani huishia hapo. Kisha tekani, kijia cha kuingilia, imepinda makusudi ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kinacholeta mwanga na hewa, na baada ya kiwanda misana, vyumba virefu, miwili iliyofuatana, wa chini na wa juu, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia. Nyuma kabisa ni ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, na huko ndiko kwenye ukuta wa zidaka, vijishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa kama kazi ya sonara.

Zidaka nazo zimepewa maana moja tu, rafu za vyombo. Kweli zilibeba sahani na bakuli za kaure zilizokuja kwa majahazi, na wageni wa kike wakiingia waliona heshima ya nyumba pale. Ila msisahau chumba chenyewe. Huko nyuma ndiko wanawake walikojifungulia na maiti ilikotayarishwa kwa mazishi. Pambo la mahali kama hapo halikuwa la maonyesho peke yake.

Swali jingine la wageni: mbona vyumba ni virefu hivi na vyembamba? Hupenda kusikia habari ya mila au jini. Sababu ni boriti. Dari limebebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka ukaweza kubeba zege la mawe na chokaa hauvuki sana mita tatu. Upana wa chumba ulipimwa msituni.

(Na ile ya Unguja, kwamba misumari ya shaba kwenye milango iliwekwa kuzuia tembo? Tembo gani, mtaani Shangani? Lilikuwa pambo, na lilitangaza mali.)

Sasa tuje kwenye dhana inayobomoa nyumba kweli: kwamba ukuta wa nusu mita hauna wasiwasi, na ukianza kubanduka dawa yake ni saruji. Beit al-Ajaib, kasri la Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, haikuwa na kuta nyembamba. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa.

Kuta hizi ni za jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina vitundu. Hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo yamebeba chumvi. Ukuta uliopakwa chokaa hutoa unyevu wake nje kidogo kidogo, chumvi huchanua juu ya lipu, na baada ya miaka lipu hiyo hubanduliwa ikapakwa upya. Lipu ndiyo iliyotolewa kafara ili jiwe lisalimike. Ukiifunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi. Chumvi huganda nyuma ya saruji, na siku saruji inapoanguka huondoka na uso wa jiwe. Mbaya zaidi, unyevu ukifika kwenye vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, vinaoza huku katikati ya mti kukionekana kuko sawa. Fundi mzee hatazami katikati. Huchomeka kisu pale boriti inapoingia ukutani. Dari likishalegea, mwenye nyumba huambiwa amwage zege la nondo, na uzito huo unakalia ukuta wa chokaa ambao haukujengwa kuubeba.

Mawe yanachongwa mpaka leo Maweni, kisiwani Manda, na chokaa ukiizima kwa maji mapema ukaiacha ikae, inafanya kazi vizuri. Inataka subira tu, na subira ndiyo mkandarasi wa siku hizi hana.

"Tangu UNESCO waingie mwaka 2001, nyumba si yetu," husema wenye nyumba. Ni yenu. Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa kuwa urithi wa dunia, lakini hati za nyumba zimebaki kwa wenyewe. Kinachobana ni sheria ya Kenya, ile ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006: kabla ya kubomoa au kubadili, uliza. Choo cha kisasa, umeme na jiko jipya vinawezekana.

Wala kuhifadhi si kulifunga jumba na kuning'iniza kufuli. Nyumba tupu haina wa kuzibua mfereji wa paa mvua za masika zikianza, na mfereji mmoja ulioziba unatosha kuozesha dari. Mara nyingi utupu huo chanzo chake ni mirathi. Nyumba imerithiwa na ndugu, kisha watoto wao, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah. Kila mtu ana fungu lake na hakuna anayetaka kulipia boriti za fungu la mwenzake. Ukoo wenye hali hiyo uanze kwa kukaa kitako na kuandikiana nani anaishi humo, nani anachangia nini kila mwaka, na mwenye kutaka kuuza anamuuzia nani kwanza. Fundi aitwe baadaye.